Kumzoesha mtoto kujitolea: anzia getini, siyo kwenye kituo cha yatima

Maswali huja yaleyale, hasa Juni na Desemba shule zikifungwa na watoto wamejaa ndani. "Wangu ana miaka minne, si bado mdogo?" "Nimlipe kidogo ili apende?" "Nataka nimpeleke kituo cha yatima ajue maisha, kipi kizuri?" Kujibu mzazi mmoja mmoja kumenishinda, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa. Ni kwa mzazi au mlezi wa Dar, awe Masaki awe Mbagala, mwenye mtoto wa kati ya miaka 3 na 12.

Jibu fupi kwanza. Mtoto hajifunzi kujitolea kwa kupelekwa mahali mara moja kwa mwaka. Anajifunza akiwa na kazi moja ndogo, karibu na kwao, ambayo kuna mtu anamsubiri aifanye. Siku asipotokea, bibi wa nyumba ya tatu anauliza, "Mwenzangu leo yuko wapi?" Swali hilo la bibi linafundisha kuliko hotuba zako zote za mezani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Dakika 40 kwa wiki, siku ileile, saa ileile. Jumamosi saa moja na nusu asubuhi inawafaa wengi, kabla ya tuisheni na kabla ya jua. Januari na Februari msivuke saa tatu, joto la Dar la miezi hiyo mnalijua.
- Mtu mzima mmoja kwa kila watoto watano. Ninaposema mtu mzima nina maana yako wewe, siyo dada wa kazi umemtuma aende nao.
- Viatu vinavyofunika vidole. Ndala hapana.
- Glovu zinazowatosha watoto. Za wakubwa zinawapwaya, dakika mbili tu wamezivua.
- Ndoo ndogo, brashi ya kusugulia, ufagio mwepesi wa chelewa, sabuni, na maji ya kunywa.
- Daftari moja la zamu.
- Namba 116, ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Iandike ukurasa wa kwanza wa daftari, na watoto waikariri.

Fulana zilizochapwa maandishi, bango na mpiga picha havihitajiki. Ukiona mpango umeanza na fulana, ujue kazi haitafika mwezi wa pili.

Hatua ya 1: Anzia ndani ya nyumba yako, wiki mbili

Hapa ndipo wazazi wengi wanapotaka kuruka. Mtoto ambaye chupi zake zinafuliwa na dada, sahani yake inaondolewa na dada na begi lake la shule linabebwa na dada, hawezi kwenda kuhudumia mtaa. Ataenda kutembea tu. Mtu wa kwanza anayestahili huduma ya mwanao analala chumba cha uani kwako, na anaamka saa kumi usiku kumwandaa mwanao awahi basi la shule.

Miaka 3 hadi 4: apeleke sahani na kikombe chake jikoni, aokote midoli yake. Miaka 5 hadi 6: akunje nguo zake, atandike kitanda, hata kama shuka limekaa upogo. Miaka 7 hadi 9: afagie uwanja, afue soksi zake. Kuanzia miaka 10: aoshe vyombo vya nyumba nzima siku moja ya wiki, dada apumzike. Na aelezwe sababu: "Leo dada anapumzika, wewe umeshika zamu yake."

Kazi hizi ni za wavulana na wasichana sawasawa. Ukimpa wa kike vyombo na wa kiume rimoti, somo umelifundisha tayari, ila siyo hili.

Hatua ya 2: Tembea naye mtaa, umwache aone mwenyewe

Robo saa inatosha. Shika daftari, muulize swali moja: "Hapa kwetu nani anapata taabu ambayo sisi tunaweza kuipunguza?" Halafu nyamaza. Watoto wanaona vitu vya chini ambavyo sisi tunaviruka: mfuniko wa chemba uliovunjika, bomba linalovuja, mama wa genge anayeokota mwenyewe nyanya zilizomwagika, babu anayesimama mara tatu akipandisha ndoo ya maji.

Andika kila anachokitaja, hata cha kuchekesha. Mkirudi chagueni kimoja tu chenye sifa tatu: kinaisha ndani ya nusu saa, hakiwavushi barabara kubwa, na kuna mtu mwenye sura na jina atakayepata nafuu. Sifa hiyo ya tatu usiilegeze. "Kusaidia mazingira" kwa mtoto wa miaka sita ni maneno. "Kumjazia Bibi ndoo ya maji" ni kazi.

Zinazofanya kazi vizuri mitaa ya Dar:

- Kumtembelea mzee anayekaa peke yake: kumchotea maji, kumfagilia kibaraza, kumsomea.
- Darasa la KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kibarazani. Mtoto wa darasa la tano au la sita anamsomesha wa darasa la pili kusoma na kuhesabu. Anayenufaika zaidi, kwa ninavyoona, ni yule mkubwa.
- Kumwagilia mti mmoja uliopandwa karibu na shule au msikiti. Kupanda ni rahisi, kila mtu anapanda. Miti inakufa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kwa sababu aliyepigwa nayo picha hakurudi na ndoo.
- Msibani: kushika birika la kunawia watu mikono, kupanga viti chini ya turubai, kuokota vikombe. Mtoto wa miaka minane anaweza, na hakuna mahali anaponoa adabu haraka kama hapo.
- Doria ya mbu. Hii nimeieleza kwa kirefu kwenye hatua ya 4, kwa kuwa ndiyo ninayowashauri wengi waanze nayo.

Hatua ya 3: Omba ruhusa, na mtoto awepo

Nenda kwa mjumbe wa shina au ofisi ya serikali ya mtaa, pamoja na mtoto. Mtoto aamkie mwenyewe, "Shikamoo," na aseme mwenyewe wanachotaka kufanya. Wewe ongezea tu: siku gani, saa ngapi, nyumba zipi, mtu mzima nani. Viongozi wa mtaa wanapenda kujua, na siku jirani akilalamika, mjumbe ndiye atakayewatetea.

Wazazi wa watoto wengine nao watoe ruhusa wazi. Ujumbe wa wasapu unatosha, ila uwe umesomwa kweli, usihesabu dole gumba la mtu aliyebofya bila kusoma.

Halafu weka sheria za usalama, nne tu ili zikumbukwe:

1. Tunakwenda wawili wawili au zaidi, hakuna anayetangulia peke yake.
2. Tunafanya kazi nje au kibarazani. Ndani ya nyumba ya mtu hatuingii bila mtu mzima wetu.
3. Hatushiki simu ya mtu kwa mambo ya pesa. Bibi akiomba asomewe ujumbe wa pesa au atajiwe salio, anaitwa mtu mzima. Namba ya siri ya mtu haijulikani kwa mtoto, hata ya bibi yake mwenyewe.
4. Mtu akisema "usimwambie mama," hilo ndilo la kwanza kumwambia mama.

Hiyo ya nne irudieni kila wiki.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, doria ya mbu

Sababu ya kuichagua: inaonekana, inaisha, na faida yake ni ya mtaa mzima. Mwaka 2019 Dar ilipata mlipuko mkubwa wa dengue, wengi tunakumbuka. Mbu wa dengue anauma mchana na anapenda maji masafi yaliyotulia kwenye vyombo vidogo karibu na watu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi, ndiyo maana doria ya kila wiki inamkatiza njiani. Mtoto anaelewa hesabu hiyo bila shida, na neno "doria" lenyewe linawapa mabega.

a) Watoto wavae viatu na glovu. Anayeongoza ana daftari, wa pili ndoo, wa tatu brashi.

b) Ombeni hodi nyumba ya kwanza. Anayebisha ni mtoto, anayeeleza ni mtoto: "Tumekuja kumwaga maji yanayozalisha mbu, tunaomba ruhusa." Akikataliwa anasema asante, mnaondoka. Fanyeni mazoezi ya kukataliwa nyumbani kabla, vinginevyo atalia.

c) Kagueni uani na nje: vifuu vya madafu, makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka, visahani vya chini ya vyungu vya maua, turubai lililobonyea na kushika maji, matairi mabovu, hasa kwa fundi pancha.

d) Mwageni maji mchangani, siyo mtaroni. Hakikisheni kwanza si maji ya mtu ya kutumia. Dar maji ni bei, na ukimwaga ndoo ya mama aliyeilipia, mradi umekufa siku hiyohiyo.

e) Sugueni kuta za ndani za chombo kwa brashi. Msiache hatua hii. Mbu huyu anagandisha mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Ukimwaga bila kusugua, mvua ya kwanza inakurudisha ulipoanza.

f) Chombo kinachotumika kipinduliwe au kifunikwe. Kisichotumika kiulizwe kama kitupwe. Asiulize mtoto huku ameshakitupa.

g) Andikeni idadi ya vyombo mlivyokuta na maji, nyumba kwa nyumba. Wiki ijayo mtalinganisha. Namba ikishuka, watoto hawahitaji sifa yako.

h) Nawa kwa sabuni, kunywa maji, nyumbani.

Nyumba tano zinatosha siku ya kwanza. Wakitaka kuendelea, wakatalie. Warudi na hamu yao wiki ijayo.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, ndiyo msimu wa doria kila wiki bila kukosa. Katikati mnaweza kupunguza.

Hatua ya 5: Zamu ibaki zamu

Kila mtoto awe na jukumu lenye jina lake daftarini. "Wote tutasaidia" maana yake atasaidia mmoja, naye ni yule mpole. Badilisheni majukumu kila mwezi, siyo kila wiki, ili mtoto apate muda wa kuijua kazi hadi aiboreshe.

Asiyekuja atoe taarifa mwenyewe kwa anayemsubiri. Siyo wewe umpigie bibi simu kumwombea udhuru. Atembee hadi pale, aseme, "Bibi, kesho sitakuja, tunakwenda kwa shangazi." Kama kwa bibi ni mbali, apige simu kwa sauti yake.

Hatua ya 6: Maswali mawili mkirudi

Njiani au mezani, bila mahubiri: "Nini kilikuwa kigumu?" na "Yule uliyemsaidia alikufundisha nini?" Basi. Swali la pili linamwonyesha kuwa mzee au mtoto mwenzake si chombo cha kumwagia huruma; naye ana kitu. Kuna wazee hapa mjini waliopasua mawe na kufyatua matofali ya shule kwa kujitolea miaka ya sitini na sabini. Mtoto akiuliza vizuri atapata historia ambayo mwalimu wake hana.

Hatua ya 7: Toka nje ya mtaa, baada ya miezi mitatu

Sasa ndiyo muda wa usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ufukwe, na hata kile kituo cha watoto ulichokuwa unakitaka tangu mwanzo.

Usafi wa mwisho wa mwezi: waingizeni watoto kwenye kufagia na kukusanya taka kavu. Mitaroni hapana, hata kama wakubwa wameingia. Mvua ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo, na maji ya mtaro wa Dar yana kila kitu, kipindupindu kikiwemo.

Ufukweni, iwe Coco, Kunduchi au Kigamboni: nendeni maji yakiwa yamekupwa, tena asubuhi. Watoto waokote chupa, vifuniko, na mifuko ile ya plastiki iliyopigwa marufuku Juni 2019 na bado tunaiokota. Chupa zilizopasuka, sindano na pampasi haziguswi na mtoto hata mwenye glovu. Anainua mkono, mkubwa anakuja. Mkimaliza, chupa za plastiki wapeni waokota makopo, wao wanaziuza kwa kilo. Na mtoto awape kwa salamu, maana hao ndio wanaosafisha jiji hili kila siku bila kuitwa wanaojitolea.

Kituo cha watoto: piga simu kwanza, au pitia kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa yako akuelekeze kituo kilichosajiliwa. Uliza wanahitaji nini. Mara nyingi utasikia sabuni, dawa ya meno, taulo za kike, madaftari. Mara chache sana utasikia nguo kuukuu. Picha za watoto wa pale hazipigwi. Mwanao asiende kuangalia, aende kufanya kitu na wenzake: mpira, kusoma, kupalilia bustani. Kama hamna nia ya kurudi, pelekeni vitu mlangoni, msaini kitabu cha wageni, muondoke. Watoto wale wamezoea mno wageni wa siku moja.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kutumia kazi kama adhabu ni kosa kubwa kuliko yote. Wengi wetu tulikulia shule ambazo mchelewaji anaokota taka na mtundu analima. Tukajifunza kwamba ufagio ni wa mkosaji. Ukimwambia mwanao "Kwa kuwa umevunja glasi, Jumamosi utaenda kufagia kwa bibi," umemharibu na umemtukana bibi. Kosa liwe na adhabu yake, huduma ibaki heshima.

Kulipa. Usimlipe, wala usimpe chipsi kila akirudi. Mkila pamoja mara moja baada ya mwezi, hiyo ni sherehe, si mshahara.

Kumfanyia. Ufagiaji wake ni mbovu, najua. Ukirudia kufagia mbele yake, kesho hataki.

Picha. Bibi hajakubali kuwekwa kwenye status yako.

Matatizo na la kufanya

*Jirani anampa mtoto hela, "chukua hii buku ukanunue biskuti."* Kukataa kwa ukavu ni utovu wa adabu kwetu. Mfundishe kusema, "Asante sana bibi, leo nimekuja kukusaidia tu." Bibi akisisitiza mara ya pili, apokee kwa mikono miwili, ailete kwako, iandikwe daftarini, inunue sabuni ya kikundi. Kama ni embe au kashata, mwache ale.

*Mtoto alianza kwa moto, wiki ya nne amechoka.* Kawaida. Usibadilishe kazi papo hapo. Punguza muda hadi dakika 20, mwongezee mwenzake wa rika. Wiki ya saba akiwa bado analalamika, badilisheni kazi, ila anayemsubiri aagwe ana kwa ana.

*Jirani anasema unatumikisha watoto.* Mpokee vizuri, maana jirani wa hivyo ndiye unayemhitaji mtaani. Mweleze: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na hapa hakuna ajira, ni kazi nyepesi, chini ya saa moja kwa wiki, mzazi yupo, shule haiguswi. Kisha mwalike asimamie Jumamosi moja.

*Baba watoto anasema ni kupoteza muda, mtoto asome.* Usibishane. Mpe zamu ya kusimamia darasa la KKK mara moja.

*Tunaishi ghorofani au nyumba za geti, majirani hatujuani.* Anza na mlinzi. Mtoto ampelekee chai asubuhi moja ya wiki, kwa jina lake, siyo "mlinzi". Kisha ngazi na korido za jengo. Majirani wataanza kuuliza huyu ni mtoto wa nani.

*Mwanangu anajisifu kwa wenzake.* Umri wa miaka sita hadi nane wote wanajisifu. Mpe kazi isiyoonekana, kama kujaza ndoo ya bibi kabla bibi hajaamka. Usimseme mbele za watu.

*Wangu ana miaka 12, anasema kikundi ni cha watoto.* Yuko sahihi. Mpe watoto wawili wa kuwaongoza na daftari alishike yeye. Pia uliza shuleni kwake kama kuna Skauti, Girl Guides au klabu ya Msalaba Mwekundu. Huko atajifunza huduma ya kwanza, na Jumamosi mtakuwa na mtu wa kushika boksi la dawa.